Kijana wa kwaya katengwa kwa tuhuma za ushoga, mzee mwenye nyumba ndogo anapitisha kapu la sadaka. Kanisa linapima kwa kipimo gani?

#1 Loleza

Wakuu, habari za Jumapili.

Kuna kanisa moja huku Mbeya, jina silitaji, limemtenga kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya ya vijana. Ilivyokuwa: binamu yake aliazima simu apige, akaingia WhatsApp, akakuta mazungumzo ya yule kijana na mwanaume mwenzake. Akayapiga picha. Picha zikafika kwa mwinjilisti, kwa mwinjilisti zikafika kwa wazee, na Jumapili iliyofuata jina likasomwa kwenye matangazo, baada ya harambee ya bati na kabla ya matangazo ya ndoa. Hakuitwa wala hakuulizwa neno. Mama yake alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa kina mama, amevaa kitenge cha umoja wao. Pale kwetu ibada ikiisha watu hujipanga nje wakiimba na kupeana mikono mmoja mmoja. Alipofika yeye, mikono ilishuka.

Niseme nilipo ili tusipoteze muda: naamini ndoa ni ya mume na mke, na sijaja kuomba kanisa libariki kingine. Nauliza haki. Kwenye baraza lililomtenga kuna mzee ana nyumba ya pili Uyole, watoto wa kule wanasoma Sunday school hapohapo, na yeye ndiye anapitisha kapu la sadaka. Huyu hajawahi kusomwa. Kwa nini dhambi moja inasomwa na nyingine inapewa kapu?

#2 Igawa_Mizani

Taja kanisa mkuu, usituache hewani.

#3 Loleza

Sitaji. Nikitaja kanisa nimemtaja yeye. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela na kinaishia maisha. Mtu mmoja tu akiamua kupeleka zile picha polisi, maisha ya yule kijana yamekwisha.

#4 Mzee wa Baraza

Shalom. Nimetumika kama mzee wa kanisa kule Tukuyu miaka mingi, naomba nieleze utaratibu maana naona wengi hawaujui.

Kutengwa si kufukuzwa. Mtu anazuiliwa Meza ya Bwana na huduma, kama uimbaji na uongozi, mpaka atubu na kurudishwa kundini. Ibada anaruhusiwa kuja. Na kosa lenyewe Biblia haikulificha: Walawi 18:22, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9. Baraza haliwezi kujifanya halijasoma.

Ila hapo kwenye kutoitwa, baraza limekosea, tena sana. Mathayo 18:15 inasema nenda ukaongee naye ninyi wawili peke yenu. Asiposikia chukua mmoja au wawili. Asiposikia ndipo uliambie kanisa. Hawa wameanzia mwisho.

#5 BintiKihesa

Kamwene wote. Mzee, shikamoo.

Mzee, huo utaratibu wa Mathayo 18 kwa wasichana haujawahi kutumika. Nimekulia kanisani Iringa. Binti akipata mimba kabla ya ndoa anasomwa, anatolewa kwaya, anakaa nyuma. Mvulana aliyempa mimba anaendelea kupiga ngoma kwenye kwaya ileile. Loleza asishangae kapu la sadaka, hicho kipimo ni cha zamani, ushoga umekikuta.

Na kwa wanawake wenyewe huwa hawasomwi kabisa. Nawajua walimu wawili walipanga nyumba moja Kihesa, miaka na miaka, hawakuolewa. Yakaanza maneno. Hakuna baraza lililokaa. Waliacha tu kupangiwa ibada ya nyumbani. Zamu ikifika kwao inarukwa, inaenda nyumba inayofuata. Wakitoa mchango unapokelewa. Mmoja akaomba uhamisho akaenda Mufindi, mwingine akabaki na akaacha kusali. Hilo nalo ni kutengwa, tena halina siku ya kurudishwa kundini maana halikutangazwa.

#6 Kasumulu Boda

Tatizo limeanzia juu. Papa Fransisko mwaka 2023 aliruhusu ndoa za mashoga, huku chini mnategemea nini?

#7 Katekista wa Kigango

#6 hapana, usipotoshe. Sisi ndio tuliokaa na maswali ya waumini Krismasi ile, kwa hiyo nalijua hili.

Hati inaitwa Fiducia Supplicans. Ilitoka Vatikani tarehe 18 Desemba 2023, imesainiwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández kwa idhini ya Papa. Inasema padre anaweza kuwaombea baraka watu wawili walio kwenye uhusiano usio wa kawaida, wakiwemo wa jinsia moja, lakini si ndani ya liturujia, si kwa ibada iliyoandikwa, na isifanane na ndoa. Fundisho la ndoa halikuguswa. Hata hivyo, tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba huku hatutatoa baraka hizo kwa wapenzi wa jinsia moja. Kwa hiyo Mbeya, Iringa, Njombe, hakuna padre aliyebariki.

Ila Katekisimu isomwe yote. Namba 2357 inasema matendo hayo hayakubaliki kwa namna yoyote. Namba 2358, inayofuata papo hapo, inasema watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Wengi wetu tunafundisha ya kwanza na kufunga kitabu. Januari 2023 Papa huyohuyo alisema kuwa shoga si jinai. Hakusema si dhambi, alisema si jinai.

#8 Fundi Mwanjelwa

Katekista leo hutaki mchezo, tarehe mpaka namba za aya. Kasumulu rudi boda.

#9 Kasumulu Boda

Sawa nimesikia. Lakini baraka bila ndoa ni mlango. Leo baraka, kesho cheti.

#10 Njombe Baridi

Mnaongea Biblia, mimi nawaletea historia. Huu ukali tulio nao sasa haukuwa hivi miaka ya 80. Dhambi ilikuwa dhambi, lakini haikuwa alama ya utambulisho wa kanisa. Kilichobadilisha ni ugomvi na wafadhili wetu, yaani makanisa ya Marekani na Ulaya.

Mwaka 2003 Waanglikana wa Marekani walimweka wakfu Gene Robinson, askofu anayeishi na mwanaume mwenzake. Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia nzima wakakutana hapahapa Dar es Salaam, na jambo lililowachosha ni hilo. Mwaka 2009 Walutheri wa Marekani wa ELCA wakaruhusu wachungaji wenye wapenzi wa jinsia moja, na mwaka huohuo Kanisa la Sweden likaamua kufungisha ndoa hizo. Januari 2010 maaskofu wa KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, wakatoa Tamko la Dodoma kuzikataa. Mekane Yesus, Walutheri wa Ethiopia, wenyewe walivunja kabisa uhusiano na Sweden na ELCA mwaka 2013.

Kuanzia hapo kila askofu wa Afrika anaulizwa: uko upande gani? Na njia rahisi ya kuonyesha kwamba hujanunuliwa ni kuwa mkali kwa kijana wa kwaya. Askofu wa Stockholm huwezi kumtenga ukiwa Makambako. Mpiga kinanda yuko karibu.

#11 Mzee wa Baraza

Njombe Baridi, ndaga (asante) kwa historia, lakini unatusingizia. Mimi nilikuwa napinga jambo hili kabla sijasikia jina la Robinson. Usimfanye kila Mwafrika mwenye msimamo aonekane anajibu barua ya Mzungu.

#12 Kalenga

Njombe Baridi kuna kitu umeruka. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina udugu na sinodi ya Saint Paul kule Minnesota, tunauita Bega kwa Bega, tangu miaka ya 80. Sinodi hiyo ni ya ELCA ileile. Baada ya 2009 udugu haukufa. Wageni wanakuja, wanafunzi wanasomeshwa, wanaombeana. Kwa hiyo inawezekana kutokukubaliana na bado mkala meza moja. Swali langu: kama tunaweza kukaa na Mmarekani ambaye kanisa lake limeshaamua, tunashindwaje kukaa na mtoto wetu ambaye hajaomba chochote?

#13 BintiKihesa

#12 hapo umenimaliza.

#14 Igawa_Mizani

Mmarekani analeta kisima, mtoto wetu analeta aibu. Jibu si gumu.

#15 Kinanyambo

Moravian ndiyo safi, hatuna haya mambo ya wafadhili. Tangu Rungwe 1891 tuko imara.

#16 Njombe Baridi

#15 Kinanyambo, 1891 uko sahihi. Hayo mengine hapana. Jimbo la Kaskazini la Moravian huko Amerika, sinodi yao ya 2014 iliruhusu kuwekea mikono watumishi mashoga na wasagaji walio kwenye ndoa au agano. Majimbo ya Moravian yanajitawala, kwa hiyo uamuzi huo haukuja Mbeya, lakini usiseme hamna. Familia ni moja.

#17 Kinanyambo

Hayo ya Amerika ni yao. Huku si utamaduni wetu, wala babu zetu hawakulijua jambo hilo. Nukta.

#18 Mwalimu Historia

Kinanyambo, hiyo nukta ifute kwanza.

Miaka ya 1930 Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Mnajua vile vijiji vya rika: wavulana wakifika miaka kumi na kitu wanatoka kwa baba zao wanajenga vibanda vyao pembeni, wanalala huko, wanakula kwa zamu kwa mama zao. Monica Wilson aliandika kwamba mambo ya wavulana na wenzao yalikuwepo humo na wazee waliyajua, wakiyahesabu kuwa ya ujana, ya kupita mtu akioa. Mtu mzima akiyaendeleza ndipo ilionekana kuna kitu hakiko sawa. Sisemi walisifia. Nasema walijua, na hawakukimbilia kumtoa mtoto nje ya kijiji.

#19 Mzee wa Baraza

Mwalimu, babu yangu alikaa kijiji cha rika na hakuwahi kunihadithia hayo. Mgeni akiuliza mambo ya vijana vibandani, vijana wanamjibu wanavyotaka.

#20 Mwalimu Historia

Mzee kwa heshima yote, ni babu gani angemhadithia mjukuu wake hayo?

#21 Fundi Mwanjelwa

Hapo wote wawili mna hoja, tuendelee.

#22 Jeshi la Maombi

Bwana Yesu asifiwe. Mnazunguka sana. Hii ni roho, na roho inatolewa. Kijana aletwe kwenye maombi ya kufunguliwa, afunge, akemewe, atakuwa huru. Nimeona waliofunguliwa. Kutengwa kwenu hakusaidii, na kuwahurumia kwenu hakusaidii.

#23 Nesi wa Wodi Tatu

Jeshi la Maombi, ndugu yangu, nakuheshimu kwa imani yako, ila nikueleze ninachokiona kazini. Nafanya kazi hospitali, mkoa sitaji. Aliletwa kijana amefungishwa bila maji kwenye "maombi" ya aina hiyo. Midomo imepasuka, figo zimeanza kugoma, mgongoni ana alama za fimbo. Ndugu zake wanasema pepo alikuwa mbishi. Tulimtundikia dripu usiku kucha. Alipopata nguvu ya kuongea aliniomba nisiwaruhusu waingie.

Na hili si la Afrika peke yake. Marekani kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo, Exodus International, lilianza 1976, kazi yake ilikuwa kuwabadilisha mashoga kwa maombi na ushauri. Mwaka 2013 lilijifunga lenyewe na kiongozi wake, Alan Chambers, akawaomba radhi watu waliopitia humo. Huyo hakuwa mpinga Kristo, alikuwa mwenzako kabisa.

Kingine. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU. Mtu aliyesomwa kanisani haji kliniki ya mtaani kwake, maana mapokezi anakutana na mwanakwaya mwenzake. Anakuja kwetu akiwa hoi. Mwaka 2017 serikali ilizuia huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 vilivyokuwa vinawahudumia watu wa makundi haya, wakiwemo mashoga, tukabaki na hospitali za kawaida, ambazo nyingi huku ni za makanisa. Sasa nielezeni, akitengwa kanisani na hospitali ni ya kanisa, aende wapi?

#24 Jeshi la Maombi

Hao waliompiga si watumishi. Maombi ya kweli hayana fimbo. Nasimama palepale.

#25 Kasumulu Boda

Nesi umenikumbusha ya jirani zetu. Mwaka 2010 Malawi waliwafunga Tiwonge Chimbalanga na Steven Monjeza miaka 14 kila mmoja kwa kufanya sherehe ya uchumba. Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe mwezi huohuo wa Mei, siku Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alipokuwa Lilongwe. Huku Kyela kila mtu alikuwa na redio sikioni. Viongozi wa dini wengi walikasirika na huo msamaha kuliko walivyowahi kukasirikia wizi wa mbolea ya ruzuku.

#26 Igawa_Mizani

Mbolea usiitaje, mimi bado sijapata yangu.

#27 Kalenga

Wapi huko? Huku Kalenga mawakala wanayo, ila foleni ndefu.

#28 Loleza

Wakuu mbolea ifunguliwe uzi wake tafadhali.

Kuhusu #14 ya Igawa, nadhani ndiyo maelezo ya kweli kuliko yote: aibu. Mwenye nyumba ndogo haaibishi ukoo, ukoo umeshampangia na kiwanja. Huyu kijana anaaibisha ukoo, na baraza limejaa watu wa ukoo.

#29 Mzee wa Baraza

Sikubali kwamba yote ni aibu. Yule wa nyumba ndogo naye atengwe. Ila dhambi ya nyumba ndogo haihalalishi ya ushoga.

#30 Mgeni77

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Nimezaliwa Rungwe, nimebatizwa, nimepata kipaimara, najua tenzi nyingi bila kitabu.

Sijawahi kuomba baraka ya ndoa wala sijui kama nitaomba. Nimekaa kwenye ibada ambazo mchungaji alisema watu kama mimi wafungiwe jiwe la kusagia shingoni, na watu wakasema amina, na niliyekaa naye pembeni alisema amina, na ni rafiki yangu. Nimefunga. Nimeombewa. Nimewahi kuchumbia binti ili yaishe, nikavunja kwa kumhurumia, yeye hajui mpaka leo kwa nini. Bado naenda kanisani. Sina kwingine ninakomjua Mungu.

Mnaouliza mfanye nini: msisome meseji za watu. Anzeni na hapo.

#31 Kinanyambo

Acha dhambi, utapokelewa. Usitake huruma ya mtandaoni.

#32 BintiKihesa

Kinanyambo, nyamaza kidogo. Mtu amesema neno zito.

Mgeni77, nimekusoma. Asante.

#33 Mzee wa Baraza

Mgeni77, mwanangu. Sitakudanganya, fundisho ninalolishika sijaliacha na sitaliacha. Lakini hilo la jiwe la kusagia Bwana alilisema kwa wanaowakosesha wadogo, Mathayo 18:6, sura ileile niliyoitaja juu. Aliyeligeuza kuwa rungu juu yako aliligeuza. Ukiwa Tukuyu na ukitaka mtu wa kusali naye bila kuhojiwa, nitumie ujumbe wa faragha.

#34 Jeshi la Maombi

Mzee, kusali naye bila kumwambia ukweli si upendo.

#35 Mzee wa Baraza

Ukweli ameshausikia zaidi yako wewe. Umesoma ameandika nini?

#36 Katekista wa Kigango

Naomba niongeze Ezekieli 16:49, maana Sodoma inatajwa kila mahubiri. Nabii anasema uovu wa Sodoma ulikuwa kiburi, shibe, na kutoutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Aya ya 50 inaongeza machukizo, sikatai. Lakini sijawahi kusikia mtu amesomwa kwenye matangazo kwa kosa la kushiba na kumnyima jirani.

#37 Njombe Baridi

Na Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini mwaka 2013 alisema hataki kwenda mbinguni kunakochukia mashoga. Binti yake Mpho alipooa mwanamke, ilibidi arudishe leseni yake ya upadre, kwa sababu kanisa lake la Kianglikana Afrika Kusini halitambui ndoa hizo, japo sheria ya nchi inaziruhusu tangu 2006. Jina la Tutu halikumsaidia.

#38 Kinanyambo

Na hapo kanisa lilifanya vema. Sheria ya nchi isiendeshe madhabahu.

#39 Kalenga

Basi na madhabahu isipeleke picha polisi. Kata pande zote mbili.

#40 Loleza

Mrejesho. Mama yake amekwenda kwa mchungaji. Mchungaji anasema alikuwa safarini, hakujua kama jina lingesomwa, na baraza litakaa tena. Lakini hajasema kama kijana ataitwa, na zile picha bado zinazunguka kwenye kundi la kwaya. Kinanda Jumapili hii kimepigwa na mtoto wa darasa la sita.

Wenye uzoefu: kuna rufaa? Na nani anaweza kuwaamuru wafute picha?

#41 Mzee wa Baraza

Rufaa ipo. Kwa Walutheri barua inapitia kwa mchungaji kwenda kwa mkuu wa jimbo, kwa Moravian inakwenda wilayani. Iandikwe na kijana mwenyewe, isielezee mapenzi yake hata neno moja, ieleze tu kwamba hakuitwa na hakusikilizwa. Picha: mchungaji amwite kiongozi wa kwaya leo, zifutwe mbele yake, asingoje kikao.

#42 Nesi wa Wodi Tatu

Nakazia hilo la kutoeleza kitu kwenye barua. Karatasi inatembea kuliko simu. Na huyo binamu je, ameulizwa alichofanya?

#43 Loleza

Binamu amepewa nafasi ya ukatibu wa vijana.

#44 Jeshi la Maombi

Kwani binamu kakosa nini? Ameona dhambi ameripoti.

#45 BintiKihesa

Aliazima simu apige. Hakuazima asome. Loleza, mama anakaa mtaa gani? Nina shangazi hapo Mbeya yuko umoja wa kina mama, anaweza kwenda kumsalimia wiki hii. Nijibu kwa faragha, si hapa.